Simameni Mlangoni, Muulize Sheria

Somo letu linatoka kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, binti watano wa Selofehadi, walifiwa na baba yao jangwani, naye hakuacha mtoto wa kiume. Ardhi ilikuwa ikigawiwa wana, kwa hiyo jina la mzee lilikuwa linakwenda kupotea pamoja na fungu lake. Wangeweza kukaa hemani wakalia. Wangeweza kuwaamini majirani waliosema ndivyo mambo yalivyo. Waliinuka wakaenda mpaka mlango wa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa na kuhani Eleazari, mbele ya wakuu na mkutano mzima, wakauliza kwa nini. Hata Musa hakuwa na jibu. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na hukumu iliyotoka ilikuwa ya upande wao. Wakapewa urithi, na sheria ikaandikwa kwa ajili ya wote waliofuata.

Wapendwa, nawaandikia ninyi mliotoka Nyarugusu na Kakuma, Nakivale na Kyangwali, Uvira na Bujumbura, Mombasa na Dar es Salaam, ambao leo anwani zenu ni za Louisville, Des Moines, Boise, Fort Worth na Portland ya Maine. Mtu atauliza mhubiri ana shughuli gani na SAT na ACT, mitihani ya kuombea chuo. Shughuli ninayo, tena kubwa! Urithi wa watoto wetu katika nchi hii, kwa sehemu nzuri, unapitia chuoni, nami naona vijana hodari wakigeuka njiani kwa sababu ya kanuni waliyoisikia kwa mtu ambaye naye aliisikia kwa mtu. Mfikirieni binti wa Boise anayetaka kusoma Florida, alipo shangazi yake. Binamu wa California anamwambia mtihani ulikwisha kufutwa, asijisumbue. Anaamini. Mwaka wa mwisho wa sekondari unafika, anafungua fomu, anakuta Florida inadai alama, na tarehe za usajili wa mtihani zimempita. Hakuna afisa aliyemkataa binti huyu. Amekataliwa na uvumi.

Tusimlaumu upesi, maana kosa hili lina asili yake kwetu. Sisi tumetoka katika nchi ambazo mtihani wa taifa ni mmoja na neno lake ni la mwisho. Mtanzania anajua Baraza la Mitihani likitangaza matokeo ya kidato cha sita, Bukoba na Mtwara wamepimwa kwa mizani ile ile. Mkenya anajua KCSE. Mkongo aliyefanya Exetat anajua asilimia yake mpaka kufa. Basi tunafika Marekani na kudhani kwamba hapa pia yupo mkubwa mmoja anayeamua. Hayupo! Serikali ya Washington haitungi mtihani wa kuingia chuo kikuu na haiamui nani aufanye. SAT ni ya College Board, ACT ni ya shirika lililozaliwa Iowa mwaka 1959, na kila chuo, au kila jimbo kwa vyuo vyake, hujiamulia kama kitautaka mtihani, kitauacha kwa hiari ya mwombaji, au kitaufumbia macho kabisa. Ukivuka mpaka wa jimbo umeingia katika sheria nyingine.

Tazameni. Mei 2020 bodi ya University of California ilipiga kura kuuondoa mtihani, na leo kampasi zake hazizitazami alama za SAT wala ACT katika kumpokea mwanafunzi, hata akizituma. Zitamfaa labda baadaye, katika kupangiwa kozi. Mfumo wa pili wa jimbo hilo, California State University, ukafuata mwaka 2022. Lakini mtoto wa nje asifikiri ameachiwa njia nyeupe. Kwa University of California, mkazi wa jimbo huombwa GPA isiyopungua 3.0 katika masomo yanayotakiwa. Wa nje huombwa 3.4. Juu ya ada ya kawaida, wa nje huongezewa malipo yanayozidi dola 34,000 kwa mwaka, na msaada wa fedha za jimbo haumhusu. Sasa geukeni Florida: vyuo vikuu vya serikali vya huko vinataka alama za SAT, ACT au mtihani mwingine uitwao CLT kwa kila mwombaji wa mwaka wa kwanza, awe wa Miami au wa Kentucky. Georgia Tech na University of Georgia wanazitaka. University of Tennessee inazitaka. University of Michigan imeamua ziwe za hiari.

Texas inahitaji maneno zaidi, kwa sababu familia zetu ni nyingi huko na ndugu husimuliana. Tangu 1997 jimbo hilo lina sheria inayowapokea moja kwa moja, katika vyuo vya serikali, wanafunzi walio katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao. Kwa University of Texas ya Austin kiwango kimebanwa zaidi. Mzazi wa Fort Worth akimwambia mwenzake wa Nashville kwamba mwanawe aliingia kwa nafasi yake darasani, anasema kweli. Ila sheria ile ni ya wahitimu wa shule za Texas. Mtoto wa Nashville mwenye nafasi ile ile darasani ataingia katika kundi la waombaji wa nje, wanaogombea viti vichache, na tangu Machi 2024 chuo cha Austin kimetangaza kurudisha sharti la SAT au ACT. Idaho nayo, tangu 2015, huwapelekea wanafunzi wake wa sekondari za serikali barua za kukubaliwa na vyuo vya jimbo kabla hata hawajaomba. Jambo jema sana! Lakini kijana aliyezoea kuandikiwa barua nyumbani akivuka kwenda Utah au Oregon, hakuna atakayemwandikia. Huko atakuwa mwombaji kama waombaji wengine.

Na hata ndani ya chuo kile kile, sheria ya jana si ya leo. Korona ilipofunga vituo vya mitihani mwaka 2020, karibu kila chuo kikubwa kilisema alama ni za hiari. Kisha wakaanza kurudi mmoja mmoja. MIT walirudi 2022. Mwaka 2024 wakatangaza kurudi Dartmouth, Yale, Brown, Harvard, Caltech, Cornell na Stanford; Yale wakaruhusu pia alama za mitihani ya AP au IB zishike nafasi ya SAT. Vyuo vinavyouacha mtihani kwa hiari bado ni vingi mno, zaidi ya 1,800 nchi nzima. Kwa hiyo kaka aliyeingia chuo 2021 bila mtihani anapomshauri mdogo wake, anatoa ushuhuda wa kweli wa mwaka 2021. Mdogo mtu na amheshimu kaka yake, kisha akasome ukurasa wa udahili wa mwaka wake mwenyewe.

Najua wapo watakaonijibu kwa hasira: mtihani huu si wetu, ulitengenezwa kutupima watutupe. Siwanyamazishi, maana hasira hiyo ina historia. Carl Brigham wa Princeton, aliyeongoza kazi ya kutunga SAT ya kwanza mwaka 1926, alikuwa ameandika kitabu mwaka 1923 akiwapanga watu kwa makabila na mataifa, wahamiaji na weusi akiwaweka chini, eti kwa ushahidi wa mitihani ya akili. Mwaka 1930 aliyakana maandishi yake hayo kwa kalamu yake. Hilo ni doa na litabaki doa. Ni kweli pia kwamba watoto wa matajiri hupata alama za juu, kwa sababu wazazi hununua walimu wa ziada, vitabu na muda. Anayewaambia kuwa mtihani huu ni mizani isiyoegemea upande, msimwamini.

Lakini sikilizeni kilichotokea Dartmouth, kwa maana ndiyo sababu hasa nimeshika kalamu. Rais wa chuo hicho, Sian Beilock, aliwaomba watafiti wa hapo hapo wachunguze yaliyotokea katika miaka ya hiari. Walikuta kwamba watoto wa familia za kipato cha chini walikuwa wakizificha alama zao, na kwa mamia kati yao alama hizo, za kiwango cha karibu 1400, zingewasaidia kuingia! Waliziona ndogo kwa sababu walijilinganisha na watoto wa shule za kitajiri. Wasomaji wa fomu walikuwa tayari kuzisoma kwa namna nyingine: mtoto huyu ametoka shule gani, wenzake shuleni wamepata ngapi, nyumbani kwao hali ikoje. Alama ya 1400 kutoka shule ambayo wengi hupata 1000 ilikuwa habari kubwa, nayo ilibaki kabatini. Februari 2024 chuo kikarudisha mtihani, na sababu moja iliyotajwa ilikuwa hiyo.

Ndugu zangu, lieni na mimi juu ya jambo hili! Mtoto amekaa usiku akisoma, mama yake yuko zamu ya usiku kiwandani, baba anaendesha lori Nebraska. Ameamka Jumamosi, amefanya mtihani kwa lugha yake ya tatu au ya nne, amepata alama ambayo chuo kingeifurahia, kisha ameificha kwa aibu. Nani aliyemfundisha aibu hiyo? Sisi tumemfundisha, tunapouliza "umepata ngapi" na kumtaja mtoto wa jirani kabla hajamaliza kujibu. Naomba tuache. Mtoto akileta alama yake, swali la kwanza liwe: chuo unachokitaka kinaisomaje alama hii kwa mwanafunzi aliyetoka shule kama yako, katika jimbo letu?

Na hapa nataka nikae kidogo, maana watoto wetu hawafanani. Aliyesoma Nyarugusu alifuata mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, ingawa kambi iko Kigoma. Aliyesoma Kakuma alifuata mtaala wa Kenya. Aliyesoma Nakivale alisoma kwa Kiingereza cha Uganda. Watoto watatu, pengine wa ukoo mmoja kutoka Fizi, wanaketi darasa moja la 11 huko Des Moines, na mtihani wa Kiingereza unawakuta katika hatua tatu tofauti. Wa Nyarugusu akipata alama ndogo upande wa kusoma na kuandika, msiseme hana akili. Mtazameni pia upande wa pili, wa hesabu. SAT ina sehemu mbili, kila moja kutoka 200 hadi 800, na chuo huiona kila moja peke yake. Tangu Machi 2024 mtihani hufanywa kwa kompyuta, saa 2 na dakika 14; hesabu ina maswali 44 kwa dakika 70, na kikokotoo kimo ndani ya programu yenyewe. Mtoto aliyefunzwa hesabu ubaoni na mwalimu mkali wa kambini ana silaha pale. Chuo cha uhandisi kikiona 700 ya hesabu kutoka kwa kijana aliyeingia Marekani miaka mitatu iliyopita, kinaelewa kinachotazama. Lakini kitaielewa kama itafika mezani kwao.

Yako mambo yaliyowekwa kwa ajili ya watoto hawa na hatuyachukui. Mwanafunzi ambaye bado anajifunza Kiingereza, anapofanya SAT shuleni kwake siku ya masomo, anaweza kupewa muda wa ziada ulio nusu ya ule wa kawaida, na kamusi ya neno kwa neno. ACT nao wana utaratibu wao wa kumsaidia mwanafunzi wa namna hiyo. Misaada hii hupitia shuleni, kwa mwalimu anayesimamia mitihani, kwa hiyo lazima iulizwe mapema. Majimbo kadhaa humfanyisha kila mwanafunzi wa darasa la 11 mtihani bila malipo: Michigan na Colorado hutumia SAT, Tennessee hutumia ACT. Familia ya kipato kidogo, ambayo mtoto wake anastahili chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, husamehewa ada ya SAT mara mbili, hutumiwa alama vyuoni bila malipo, na vyuo vingi humsamehe pia ada ya kuomba. Mazoezi ya Khan Academy ni ya bure. Kaunsela wa shule ndiye mwenye karatasi ya msamaha. Mama zangu, kuomba karatasi hiyo si kuombaomba! Imewekwa hapo kwa ajili ya mtoto wako, na usipoichukua hakuna atakayekusifu kwa kiburi chako.

Kuhusu fedha nitasema wazi, kwa sababu chuo cha jimbo jingine kinaweza kuimeza familia. Ada ya mtu wa nje mara nyingi ni mara mbili au tatu ya ile ya mkazi, na ukazi kwa kawaida hudai miezi 12 ya kuishi jimboni, tena kwa nia ya kukaa, si kwa ajili ya masomo tu. Ila zipo njia zilizokubaliwa. Majimbo ya magharibi yana mpango wa WUE, ambapo mtoto wa Idaho au Arizona anaweza kusoma jimbo jirani kwa ada isiyozidi mara moja na nusu ya ile ya mkazi. Majimbo mengi ya kusini yana Academic Common Market: mtoto wa Kentucky akitaka fani ambayo haifundishwi katika vyuo vya jimbo lake, anaweza kulipa ada ya mkazi katika jimbo lenye fani hiyo. University of Maine huwatoza wanafunzi wa majimbo kadhaa, wenye maksi nzuri, kiasi ambacho wangelipa katika chuo kikuu cha kwao. Na sasa shikeni hili kwa mikono miwili: chuo kinaweza kusema mtihani ni wa hiari kwa kuingia, huku kikitaka alama kwa ufadhili, kwa programu ya wanafunzi bora, au kwa uuguzi na uhandisi. Kijana anafurahi kwamba amekubaliwa bila SAT, kisha bili inakuja ya dola 30,000, na ufadhili ambao ungeipunguza ulikuwa wa wenye alama. Neno hiari limewaumiza wengi wetu kwa njia hii. Kila mnapolisoma, ulizeni ni hiari kwa jambo lipi.

Kwenu vijana, neno moja kali. Fomu nyingi siku hizi humruhusu mwombaji aandike alama zake mwenyewe, halafu rasmi zifuate akishakubaliwa. Usiongeze hata pointi 10. Nakala rasmi itakuja, uongo utaonekana, nafasi itafutwa, na jina lako litakuwa limeandikwa palipo mbaya. Ukipata alama usiyoridhika nayo, rudia. Vyuo vingi huchukua sehemu bora ya kila mtihani ulioufanya na kuziunganisha, vingine hutaka matokeo yako yote. Hilo nalo huulizwa. Tafuteni pia jedwali linaloitwa Common Data Set, ambalo vyuo vingi huliweka wazi kila mwaka. Ndani yake mtaona alama za wale walioingia, kuanzia robo ya chini hadi robo ya juu, na uzito ambao chuo kinasema kinaupa mtihani, maksi, insha, na hata ukazi wa jimbo. Nusu saa ya kulisoma itawafaa kuliko mwaka mzima wa uvumi wa WhatsApp.

Na kwenu wachungaji na wazee wa makanisa, nanyi masheikh na maimamu wa misikiti yetu, kwa maana watoto hawa wanaketi darasa moja. Tuna majengo yenye umeme, viti na intaneti, nayo hukaa matupu Jumamosi asubuhi. Yafungueni. Mwekeni pale mwanachuo mmoja aliyepita njia hii, na mzee mmoja atakayehakikisha simu zimewekwa pembeni. Mfanyeni kila mtoto wa darasa la 11 aandike majina ya vyuo anavyovitaka, na mbele ya kila chuo aandike jimbo, tarehe ya mwisho ya kuomba, na sheria ya mtihani kama ilivyo kwenye ukurasa wa chuo chenyewe. Tunachangia harusi kwa maelfu ya dola, na ni vyema. Tushindweje kuchangia nauli ya mtoto wa kwenda kituo cha mtihani kilicho mbali?

Binti wa Selofehadi walikuwa watano, na walikwenda pamoja. Msimwache mtoto mmoja aende peke yake kuuliza kwa Kiingereza ambacho bado anakitafuta.

Swali lenyewe liandikeni hivi, kisha mwombeni mwalimu wake wa Kiingereza asaidie kulitafsiri: "Mimi ni mwanafunzi wa darasa la 11 kutoka jimbo lingine. Kwa mwaka nitakaoomba, je, alama za SAT au ACT ni lazima, ni za hiari, au hazitazamwi? Je, zinatakiwa kwa ufadhili au kwa fani ninayoitaka? Mtazisoma kwa kuilinganisha shule yangu?" Litumeni wiki hii, kwa ofisi ya udahili ya kila chuo mnachokitaka, na jibu likija lihifadhini pamoja na tarehe yake. Na Jumatatu asubuhi, kabla ya kengele ya kwanza, mtoto awe mlangoni pa kaunsela akiomba karatasi ya msamaha wa ada.